Nondo Thelathini na Mbili

Nitasema ukweli hata kama unanichoma. Kwa miaka thelathini nilijua baba yangu ni mwizi. Sikushuku, nilijua. Alikubali kwa mdomo wake mbele ya polisi, akalala selo wiki mbili, akatoka na viatu visivyo na kamba, na tangu siku ile hakuna kontrakta Kampala hii aliyempa kazi ya kufunga nondo tena. Akaanza kutengeneza sigiri za bati, majiko ya mkaa, pale Kamwokya, na mimi nikakua nikiitwa mtoto wa Sifuna mwizi wa vyuma.

Mimi ni Loice Namalwa. Wazazi wangu walitoka Bungoma, lakini nimelelewa hapa hapa, na kazi yangu ni ile ile ya mzee. Nafunga nondo. Ni fomani wa mafundi kumi na wanne, wote wanaume, na hakuna hata mmoja ambaye hajaonja ukali wa mdomo wangu. Nikiwa saiti sibembelezi mtu. Na simpigii mtu magoti. Wenyeji wa hapa, mwanamke akisalimia mkubwa hupiga magoti, ni heshima yao na siwacheki, lakini goti langu mimi lilikauka zamani kama zege. Jina la Sifuna pia sikulitumia. Kwenye karatasi zote niliandika Loice Namalwa, basi.

Kazi yenyewe alinifundisha yeye, hilo siwezi kumnyima. Alinifundishia uani, kwenye banda la kuku, kabla ya mambo ya polisi. Mzee ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo waya wake husokotwa kinyume na wa watu wote. Anaukunja mara mbili, anauzungusha, anausokota kushoto, halafu ule mkia anaulaza ndani. Mafundi wengine huacha mikia ya waya imetazama nje kama miiba, na baada ya miaka inashika kutu, inapasua plasta. "Mkia ndani, mayi," alikuwa akiniambia. Kwetu baba humwita binti yake mayi, mama. "Ulalie kwenye moyo wa nguzo." Mpaka leo nafunga hivyo, ingawa mkono wangu ni wa kulia, na vijana wangu hunicheka kwamba fomani anafunga kama mlevi.

Siku nilipopewa ufomani mzee alikuja kwangu na koleo lake la kukatia waya, limefungwa kwenye gazeti. Akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Sitaki koleo la mwizi." Alilirudisha kwenye mfuko wa koti, akanywa chai yake, akaenda. Tulibaki tukisalimiana, nikimpelekea sukari na dawa za presha, lakini hatukuwa watu wa kuzungumza.

Sasa, mwaka huu tukapata kazi ya kuongeza jengo la ofisi, huko kwenye barabara ya kwenda Kyambogo. Jengo la ghorofa mbili, si kubwa, nguzo nane tu zimelibeba. Mwenye jengo, Bwana Augustin, alikuwa amelinunua kwa watu waliolinunua kwa watu, na alitaka kuongeza ghorofa mbili nyingine juu bila kuwahamisha wapangaji. Kila mtu alicheka kwa furaha siku ile. Kazi ya miezi kumi, mjini, hakuna matope!

Injinia alikuwa msichana mmoja aitwaye Moreen, mfupi, mpole wa sauti, lakini kwenye hesabu hana huruma hata kidogo. Siku ya kikao alitandaza mchoro wa zamani juu ya ubao wa plaiwudi, akatuita wote.

"Kila nguzo ya chini hapa imebeba karibu tani sitini," akasema. "Inazibeba sasa hivi tunavyoongea. Haijapumzika hata dakika moja kwa miaka thelathini."

Nimefanya kazi hii miaka mingi, lakini hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Niligeuka nikaitazama ile nguzo iliyo karibu na lango, imepakwa rangi ya maziwa, imebandikwa tangazo la wakili. Tani sitini. Juu yake watu walikuwa wakipiga simu na kunywa chai, na yenyewe imesimama tu hapo, kimya. Niliona aibu kwamba asubuhi nilikuwa nimeiegemea.

"Tukiongeza ghorofa mbili itabeba karibu mia moja," Moreen akaendelea. "Mchoro unasema kila nguzo ina nondo nane nene. Nne za pembeni, na nne za katikati, moja kila uso. Zikiwa nane kweli, itabeba bila kulalamika. Lakini jana nilipanda juu ya paa. Nondo zinazochungulia pale juu ni nne tu kwa kila nguzo."

"Labda walizikata," Bwana Augustin akasema.

"Nguzo za juu hazinisumbui, tunaweza kuzivisha koti la zege. Wasiwasi wangu ni hizi za chini. Nimezipima na mashine, mashine inalia kila mahali, kwa sababu chini ya plasta walitandika waya wa kuku. Halafu nikakuta hii kwenye faili." Akatoa barua iliyopigwa taipu, imegeuka rangi ya ugoro. "Ni ya kontrakta wa zamani. Anaomba radhi kwa kuchelewa. Anasema, 'Fundi wetu wa nondo, Sylvanus Sifuna, amekiri kuiba vipande thelathini na viwili vya nondo nene vilivyokwisha kukatwa.'"

Mzee hakuwahi kuniambia ni jengo gani, na mimi sikuwahi kuuliza. Nani huuliza mahali aibu yake ilipozaliwa?

"Astaghfirullah!" Abdul-Latif akasema. Huyu ni Mnubi wa Bombo, mkubwa kuliko sote pale saiti, na ndiye mshika tindo wangu. "Mtu anaiba mfupa wa nyumba? Si bora aibe mbuzi?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, Mungu anisamehe. Nilicheka ili wasiniangalie.

Moreen hakucheka. "Kesho tunafungua uso mmoja wa nguzo. Tukikuta nondo tatu kwenye uso huo, zile mbili za pembeni na moja ya katikati, tunajenga. Tukikuta mbili tu, Bwana Augustin, siyo tu kwamba hatujengi. Hapo itabidi wapangaji wako wote watoke kesho hiyo hiyo."

"Banange!" Bwana Augustin akashika kichwa.

Sikungoja chakula cha mchana. Nilipanda boda mpaka Kamwokya nikiwa na kofia ya saiti kichwani. Njia nzima nilikuwa nikitukana kimoyomoyo. Miaka yote nilidhani mzee aliiba nondo kwenye lundo, akauza, tukala ugali. Wizi wa njaa, kila mtu anauelewa. Lakini kuzitoa kwenye nguzo! Nguzo yenye watu arobaini juu yake!

Nilimkuta amekaa kwenye kibao chake anapinda bati.

"Papa, jengo la barabara ya Kyambogo, lenye nguzo nane. Ni wewe?"

Nyundo ikasimama. "Bado limesimama?" akauliza.

"Limesimama, na sisi tunataka kuongeza ghorofa mbili, na injinia ana barua yenye jina lako. Ulitoa nondo kwenye nguzo?"

"Niliiba nondo thelathini na mbili. Hilo nilikubali, na sijalikana."

"Sikuulizi hilo! Nakuuliza zilitoka wapi! Kuna watu mle ndani, Papa. Kuna msichana wa mapokezi ana mimba kubwa. Nijibu!"

Majirani walikuwa wameanza kutokeza vichwa. Mzee alilaza nyundo chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, akanitazama. Macho yake siku hizi yana ukungu.

"Mwizi akijitetea anasikilizwa na nani?" akasema. "Wewe mwenyewe ulilikataa koleo langu. Nenda mkavunje. Nguzo ya kwanza upande wa lango, uso unaotazama barabara. Vunjeni usawa wa goti."

"Kwa nini usawa wa goti?"

"Kwa sababu hapo ndipo nilipomalizia." Akaokota bati lake. "Anayetaka kuona itabidi ainame."

Huyo ndiye baba yangu. Ukimkamua, anakaza. Niliondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi tuliizungushia nguzo ile mapropu ya chuma, miti ya kushikilia mzigo, pande zote, kwa tahadhari. Moreen alitaka tufungue usawa wa kifua ili aone vizuri. Nikamwambia tufungue usawa wa goti, uso wa barabarani. Akaniuliza sababu, nikamwambia ni uzoefu. Uongo mtupu, lakini sikuwa na nguvu ya kusema jina la mzee mbele ya watu.

Abdul-Latif akasema bismillah, akaanza. Plasta ilianguka vipande vipande, ukaja ule waya wa kuku, tukaukata. Halafu zege lenyewe. Hapo ndipo tulipoanza kutazamana. Tindo lilikuwa likigonga na kuruka. Lilitoa cheche. Abdul-Latif alibadilisha tindo, akabadilisha la pili, jasho likimtiririka kwenye ndevu.

"Fomani, hili zege limepikwa na nani?" akaniuliza. "Hili lina hasira kukushinda wewe!"

Saa nzima ikapita. Nondo ya kwanza ikatokea, ya pembeni kushoto, nene kama kidole gumba. Nusu saa baadaye ikatokea ya pembeni kulia. Moreen alikuwa amechuchumaa na tochi. Bwana Augustin alikuwa akitembea huku na huku akifuta shingo. Katikati kulikuwa bado kuna zege tu, la kijivu, zima.

"Mbili," Bwana Augustin akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Ngoja, ssebo," Moreen akamwambia kwa heshima. "Bado."

Nilitaka kuondoka. Wallahi nilitaka nitembee mpaka barabarani nisirudi tena. Badala yake nilimnyang'anya Abdul-Latif tindo. Ili kupata nafasi ya kupiga pale chini, nilipiga magoti, mimi Loice, kwenye vumbi, mbele ya wanaume kumi na wanne. Nikapiga kidogo kidogo. Kipande kimoja kikabanduka, kikubwa kama kiganja, kikaniangukia pajani.

Ndani palikuwa na rangi ya buluu.

Kama hujawahi kuona chuma kilicholala ndani ya zege zuri, sijui nikuelezeje. Nje, nondo ya wiki mbili tu inapiga kutu. Hii ilikuwa ya miaka thelathini, na ilikuwa buluu ile ya siku inapotoka kiwandani, inang'aa, safi, haijaguswa na hewa wala mvua wala mkono wa mtu. Nondo ya tatu. Ilisimama katikati pale pale mchoro ulipotaka isimame, haikupinda hata unywele. Nilisikia hatua za watu juu, mtu akicheka kwenye simu, na nikaihisi ile nguzo ikibeba yote hayo mbele ya uso wangu.

Halafu nikaona waya.

Pale nondo ilipokutana na ringi, kile chuma chembamba kinachozizunguka nondo zote, palikuwa na fundo. Waya umekunjwa mara mbili, umezungushwa, umesokotwa kushoto, na mkia wake umelazwa ndani, kwenye moyo wa nguzo. Lilikuwa fundo langu. Ni fundo ninalolifunga kila siku ya Mungu, ambalo vijana wangu hulicheka, lakini lilifungwa mimi nikiwa na miaka kumi. Nilinyoosha kidole nikaligusa.

"Anti Loice, unalia?" Moreen akauliza.

"Ni vumbi," nikasema. Halafu nikasema, "Si vumbi. Hili fundo ni la Sylvanus Sifuna. Ni baba yangu."

Abdul-Latif akashika mdomo. Moreen hakushtuka. Aliinama karibu yangu, akapima unene wa nondo kwa kipimo chake, akapima tena, kisha akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi. Niliona midomo yake inahesabu.

"Nguzo nane," akasema polepole. "Za katikati nne kwa kila nguzo."

Akaitoa ile barua, akaitazama, akanitazama mimi. Hakuhitaji kumaliza. Hata mimi niliyeacha shule darasa la saba hesabu hiyo naijua. Nane mara nne. Niliitazama barua ile iliyomuua baba yangu akiwa hai, na nikaona kwamba kila siku ya miaka hiyo thelathini ilikuwa ikisema nondo zilipo.

Tulibandua plasta na waya wa kuku kwenye nguzo zote nane, Moreen akapitisha mashine yake. Sasa haikulia ovyo. Kwenye kila uso wa kila nguzo ilisema tatu. Bwana Augustin alikuwa akimfuata nyuma, kila nguzo anaipigapiga kofi la upendo kama ng'ombe wa mahari.

Mchana nilimleta mzee. Alivaa koti lake la kanisani na kofia, akashuka kwenye boda taratibu. Alipofika langoni alisimama akalitazama jengo kutoka chini mpaka juu, muda mrefu.

"Limekua," akasema.

Mafundi wangu waliacha kazi wakajipanga kando. Hakuna aliyewaamuru. Abdul-Latif, aliyekuwa amesema afadhali kuiba mbuzi, alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee wetu. Nimelipiga zege lako saa mbili. Mikono yangu bado inatetemeka."

"Marahaba," mzee akasema. "Ni la kwangu na la vijana wangu. Tulilichanganya kwa mabeleshi, hakukuwa na mashine."

Nilimshusha mpaka usawa wa ule mdomo tuliokuwa tumeufungua kwenye nguzo. Macho hayaoni vizuri, kwa hiyo alitumia vidole. Akaigusa nondo ya kushoto, ya kulia, ya katikati. Akalipata fundo.

"Papa, kwa nini?" nikamuuliza. Nilikuwa nimepiga magoti kando yake na sikujali nani anaona.

"Bosi wetu, yule kontrakta, alikuwa akijenga nyumba yake Lubaga," akasema. "Akaniambia, Sifuna, za katikati usiweke, nani ataona? Vile vipande vilikuwa vimeshakatwa, akavifungia stoo vingoje lori. Nikakaa nafikiria. Jumapili yeye akaenda misa, mimi nikavunja kufuli. Jumapili mbili. Nilikuwa natoa vipande stoo, navifunga kwenye nguzo, halafu naweka vyuma vingine vya uzito kama huo chini ya turubai lililovifunika, asijue. Nilivikomesha chini ya slabu, ile sakafu ya juu, akichungulia juu ahesabu nne aridhike. Jumatatu maseremala wanafunga boksi za mbao, zege linamwagwa. Lori lilipokuja turubai likafunuliwa, wakakuta mabomba ya maji yaliyooza."

Abdul-Latif alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa kwa nini hukusema?" nikapaza sauti, nikasahau pale ni mbele ya watu. "Polisi walikupiga! Walikuita mwizi, nami nikakuita mwizi! Kwa nini ulikubali?"

"Si niliiba? Mlango ulikuwa na kufuli, na mimi ndiye niliyelivunja." Alisema hivyo bila utani. "Na zege lilikuwa bado bichi, mayi. Ningesema zilipo, angekuja na nyundo jioni ile ile azitoe. Nikasema nimeuza. Likishakauka, basi tena, halivunjiki. Na likishakauka, nani angemsikiza mwizi anayewaambia wabomoe nguzo ya watu?"

Nilitaka kumwambia mengi. Nikasema, "Nisamehe, Papa," na hayo tu ndiyo yaliyotoka.

Hakusema amenisamehe. Wazee wetu hawasemi hivyo. Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti lililochakaa. "Tindo lako limekata waya wa pili hapa chini," akasema. "Fundo limelegea. Usizibe hivyo."

Ni kweli, nilikuwa nimelikata bila kuona, na yeye asiyeona vizuri alikuwa amelipata kwa kidole. Nikalipokea lile koleo kwa mikono miwili. Nikakata waya mpya, nikaukunja, nikauzungusha, nikausokota.

"Mkia ndani," akasema.

"Najua, Papa."

Kabla hatujaziba, Moreen alimletea mzee kiti, akaitoa barua ile ya zamani kwenye faili. Akamsomea yote, kwa heshima, mpaka mwisho. Kisha akamsomea alichoandika yeye kwa kalamu chini ya sahihi ya kontrakta, na tarehe ya siku ile: "Nimekagua nguzo zote nane. Nondo thelathini na mbili zilizoripotiwa kuibiwa nimezikuta. Zimefungwa mahali pake. Ghorofa mbili zinaweza kujengwa."

Mzee alisikiliza huku ameegemeza kiganja kwenye nguzo.

"Thelathini na mbili," akasema. "Hakukosea hesabu, yule bosi. Soma tena."

Moreen akasoma tena.